Maboksi Sita kwa Siku

Ercilia Vicencio alikuwa na mazoea ya kupokea karatasi kwa mkono wa kushoto. Waliomjua hawakumwona mkosa adabu. Walijua kwamba mkono wa kulia aliufungia mfukoni mwa koti kwa makusudi, kwa sababu huo ndio uliojua kuandika jina lake, na hakuuamini hata kidogo.

Jina hilo ndilo lililokuwa elimu yake yote. Shule aliiacha darasa la pili, akawekwa kwenye meza ya unga ya mama yake, Bi Zunilda, akafundishwa kusukuma donge mpaka liwe jembamba kama sikio la mtoto. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, wakati barabara kuu iendayo kaskazini ilipokuwa ikipanuliwa, kaka yake Eleodoro alimletea karatasi mezani, akamwambia ni ya kuvutiwa maji ya bomba. Ercilia akaandika jina lake polepole, ncha ya ulimi nje, akafurahi kuona herufi zote zimekaa juu ya mstari. Miezi miwili baadaye tingatinga likang'oa miparachichi kumi na mmoja ya marehemu baba yao. Fidia aliichukua Eleodoro, akanunua gari la mizigo, akahamia kwenye migodi ya shaba huko jangwani. Kila Krismasi hutuma kadi. Ercilia huzitumia kuwashia jiko.

Kilichobaki mikononi mwake ni nambari kumi na nne.

Nambari hizo zimepakwa rangi kwenye mawe kando ya barabara, kuanzia moja hadi ishirini na tatu, na kila jiwe lina mwanamke wake. Wanavaa makoti meupe kama wauguzi, wanashika vitambaa vyeupe, na magari yakitokea wanavipunga ili wasafiri wasimame wanunue vitamu vya mji wao, La Ligua: vikeki viwili vyembamba vilivyobana manjar katikati, yaani maziwa na sukari iliyokorogwa mpaka ikawa rangi ya mbao, na juu ganda jeupe linalovunjika ukiligusa. Madereva huwaita njiwa. Jiwe hurithiwa na binti kwa mama. Kila mmoja ana mpungo wake. Ercilia alipunga kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayekung'uta unga. Na gari likishapunguza mwendo kwa kitambaa cha mwenzako, wewe chako unakishusha. Kwa sheria hiyo waliishi miaka mingi bila kung'oana nywele.

Nambari kumi na nne iko mwisho wa mteremko, mahali ambapo dereva tayari ameweka mguu kwenye breki. Bi Zunilda alisimama hapo miaka thelathini na moja, mpaka nyonga zikagoma. Sasa amelala kitandani, na serikali humpa Ercilia posho ndogo kila mwezi kwa kumtunza, kwa sharti kwamba kipato chake kiwe kidogo.

Habari ya barabara mpya aliisikia kwa Nolfa, mwenye jiwe la kumi na tano, jirani yake barabarani na nyumbani pia.

"Shoga, kampuni inaleta malori ya maparachichi yanayojiendesha," Nolfa alisema, akimenya yai la kuchemsha. "Saba saba, yanafuatana kama watoto wa bata. La kwanza lina mtu, amekaa tu mikono mapajani. Sita ya nyuma hayana hata kivuli cha mtu."

"Nani atayabeba maparachichi yao basi?"

"Hayo hayo malori."

"Nauliza nani atayapakua malori yakikataa kwenda."

"Yakikataa yatakuita wewe, una mdomo. Sikia kwanza. Njia ya pembeni watayapa malori, wataweka uzio na nguzo za kamera. Na kuna injinia anapita kwenye mawe, msichana, anauliza kila mtu anauza nini kwa siku."

Ercilia aliacha kutafuna. "Anauliza nini?"

"Maboksi. Eti wanapima hasara na faida ya barabara, nani atapata, nani atakosa."

Jioni ile ile, kabla mkate wa chai haujaiva, Ercilia alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaambia wenzake kwamba hakuna mtu aliyewahi kuja na kalamu mahali pale akaondoka bila kitu. Aliwakumbusha miparachichi kumi na mmoja. Akawaambia kwamba ukitaja maboksi mengi, watu wa kodi watajua, na watu wa posho watajua, na mwisho wa mwezi utashika tama.

"Semeni sita," alisema. "Sita hailipi kodi, na haimnyang'anyi mtu posho."

"Mimi nauza arobaini," alisema mmoja.

"Mimi sijakuuliza unauza mangapi. Nimekuambia useme mangapi."

Injinia aliitwa Solange Hurtado. Alikuwa na viatu vya kazi vipya kabisa na kishikwambi alichokikumbatia kama mtoto. Alifika nambari kumi na nne asubuhi ya ukungu, ukungu ule wa baharini unaopanda mpaka barabarani na kulowesha kope.

"Kwa siku unauza maboksi mangapi, mama?"

"Sita."

"Kila siku sita?"

"Jumapili sita. Sikukuu sita."

"Na mwezi wa pili, watu wakirudi kutoka ufukweni?"

"Mwezi wa pili kuna joto, manjar inalegea. Sita."

Solange alimtazama, akatazama kikapu kilichojaa mpaka kwenye mpini, akatazama tena kishikwambi chake. "Wenzako kumi na watatu niliowauliza, wote wamesema sita."

"Barabara ni moja, mwanangu. Magari yanayompita huyu ndiyo yanayompita yule."

Msichana hakubisha. Alimweleza mradi. Alisema malori yakifuatana karibu karibu, la mbele hukata upepo na ya nyuma huchoma mafuta kidogo. Alisema kila lori litaokoa dakika tisa mpaka bandarini. Alisema ajali zitapungua, kwamba mtambo hausinzii.

Hapo Ercilia aligeukia upande wa jiwe la tisa, maana kando yake kulikuwa na kibanda kidogo cha mishumaa na maua ya plastiki. Aliyekuwa na jiwe hilo zamani, Yerti, aligongwa na lori ambalo dereva wake alikuwa hajalala siku mbili. Mtambo ungempita Yerti bila kumgusa. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia Ercilia wasiwasi zaidi, kwa sababu hata Eleodoro alianza na jambo la kweli: maji ya bomba walikuwa wakiyahitaji.

"Hizo dakika tisa," aliuliza, "anapewa nani?"

"Vipi, mama?"

"Lori halina dereva. Sasa likiwahi kwa dakika tisa litakwenda wapi, kunywa chai?"

Solange alicheka, kisha akaacha alipoona kwamba mwenzake hacheki. "Zinakwenda kwa mwenye mzigo."

"Ahaa," alisema Ercilia, kwa sauti ya mtu aliyekuta unywele kwenye unga.

Solange akamnyoshea kishikwambi aweke jina kwa kidole. Ercilia alitoa mkono wa kushoto, akachora mkwaruzo uliofanana na mguu wa kuku. Wa kulia haukutoka mfukoni.

Majaribio yalianza mwezi wa tano. Siku ya kwanza wanawake wote walisimama kuyatazama yale malori saba yakitelemka mteremko bila kelele za gia, bila honi, bila hata mkono mmoja kuonekana dirishani. Ercilia alikuwa na kitambaa mkononi, na mkono ulizoea. Ukapunga wenyewe, chini kwenda juu.

Lori la kwanza likapunguza mwendo. La pili likapunguza. Yote saba yakajikunja kama jongoo aliyeguswa, yakatambaa mbele yake, na yule mtu wa lori la kwanza akainua mikono kutoka mapajani, amemtumbulia macho. Mtambo ulidhani kitambaa ni mtu anayeingia barabarani.

"Njoo uone," Nolfa aliita, amejishika mbavu. "Ercilia amesimamisha treni. Sasa liuzie."

Wanawake walicheka siku nzima. Mara mbili tatu baadaye wengine nao walijaribu, wakahakikisha kwamba ni kweli: ukipunga, yanatii. Hawakujua kwamba kila kupunga kunaandikwa. Mafuta yaliyochomwa kwa kupunguza mwendo na kukimbia tena, sekunde zilizopotea, vyote vilikuwa vikikusanywa upande wa hasara, na juu ya ukurasa ule pameandikwa: vitambaa.

Siku ya Alhamisi, juma moja kabla ya mkutano wa kutangaza mahesabu, Solange alirudi. Hakuwa na kofia ngumu wala kishikwambi. Alivaa sweta, na viatu vyake vya kazi sasa vilikuwa na matope. Alinunua boksi moja, akaomba kukaa. Ercilia alimgeuzia kreti, akammiminia chai kutoka kwenye chupa, kwa sababu mtu akikaa kwako unampa chai. Lakini alimpa kikombe kilichovunjika mkono.

"Mama, wiki ijayo watasoma kwamba mnauza sita," Solange alisema. "Kwa sita, fidia yenu ni ndogo kuliko bei ya nguzo moja ya kamera. Kuwajengea kituo cha magari kusimama ni gharama, na kwa maboksi sita hakuna atakayekubali kujenga. Watawaondoa. Kila mmoja atapewa meza sokoni, nyuma ya stendi ya mabasi."

Nyuma ya stendi ya mabasi hapapiti msafiri hata mmoja. Ercilia alilijua hilo bila kuambiwa.

"Na wewe unaniambia ili nifanye nini?"

"Kamera za majaribio zilihesabu magari siku arobaini. Kwenye jiwe lako yanasimama sabini na moja kwa siku. Niliandika hilo. Mkubwa wangu amesema tutumie mlichosema wenyewe, mlichotia sahihi. Mimi siwezi kuitoa hesabu hiyo. Lakini mwenye jiwe akiomba hesabu ya kamera mbele ya kamati ya serikali, sheria inawalazimisha waisome."

Ercilia alihisi shingo ikimwasha. Siku arobaini. "Kwa hiyo hata nilipokuwa najikuna mliniona."

"Kamera haioni mtu, mama. Inahesabu magari tu."

"Kila anayechungulia husema hivyo hivyo." Alimwangalia yule binti usoni kwa muda mrefu, akitafuta mahali uongo ulipojibanza. "Wewe unalipwa na nani?"

"Na kampuni."

"Na leo umekuja kwa mshahara wa nani?"

Solange alizungusha kikombe kile kibovu. "Bibi yangu alikuwa anauza mkate wa tanuri kwenye kituo cha treni kule kusini. Treni ikafutwa. Walimwandikia hasara sifuri, kwa sababu hakuna aliyemuuliza."

Hadithi nzuri, Ercilia aliwaza, na bibi wa kusini hawezi kuitwa hapa athibitishe. Alichukua kikombe, akakikung'uta majani ya chai. Kwenye jiwe la kumi na tano Nolfa alikuwa ameshusha kitambaa, anawatazama wawili hao, na hakukuwa na gari lolote barabarani la kumfanya akishushe.

Siku saba hizo Ercilia hakulala vizuri. Akisema ukweli, atakuwa amekiri mbele ya serikali kwamba alidanganya, na posho ya mama itaondoka. Akikaa kimya, jiwe litaondoka. Na ikiwa msichana ni mtego, vyote viwili vitaondoka kwa mkupuo. Alimuuliza Bi Zunilda, aliyekuwa akisinzia chini ya blanketi la sufu.

"Mama, jiwe wakilichukua?"

"Nani anachukua jiwe?" mama alisema bila kufumbua macho. "Zito lile. Nililibingirisha mwenyewe."

Mkutano ulikuwa saa tisa mchana, ukumbi wa mtaa. Meneja wa mradi, bwana Urzúa, alikuwa mtu wa tabasamu na tai ya buluu. Ili kuwakirimu alikuja na sahani tatu za biskuti za dukani, zile za kiwandani zenye krimu ya rangi ya waridi, akaziweka mbele ya wanawake ishirini na watatu waliozaliwa kwenye unga. Hakuna aliyezigusa. Kando yake walikaa watu watatu wa kamati, na nyuma kabisa, karibu na mlango, Solange.

Urzúa alisoma. Faida: mafuta, muda, uhai wa watu, maparachichi yatakayofika bandarini yakiwa magumu bado. Hasara: uzio, nyaya, nguzo, vitambaa. Mwishoni, kwa sauti ya kumaliza shughuli, akasoma wauzaji wa kando ya barabara, maboksi sita kwa siku, fidia ya mara moja, na meza sokoni.

"Kuna swali, mabibi?"

Ercilia alisimama. "Nataka hesabu ya kamera."

Tabasamu la Urzúa halikuondoka, lilisimama tu mahali lilipo. "Hesabu ipi, bibi?"

"Ile ya siku arobaini. Ya nambari kumi na nne."

Mzee mmoja wa kamati, mwenye miwani, akavuta karatasi, akanong'onezana na mwenzake. "Ana haki," alisema. "Isomwe."

Ikasomwa. Magari sabini na moja kwa siku. Ukumbini mtu alipiga mluzi kidogo.

"Bibi," Urzúa alisema taratibu, "hapa umetia sahihi sita."

"Huo ni mkono wa kushoto. Haujui kuandika." Watu walicheka, yeye hakucheka. "Nilidanganya. Niliogopa posho. Nauza sabini, siku za sikukuu mia na zaidi, na hao wote nyuma yangu wanauza zaidi ya sita, na mimi ndiye niliyewaambia waseme sita. Soma za wote."

Mzee wa miwani alikohoa. Akaeleza kwamba kila mtu lazima arekebishe neno lake kwa mdomo wake mwenyewe, la sivyo lililoandikwa linabaki. Akaanza kuita kwa nambari. Mwenye nambari moja alisimama, akamtazama Ercilia, akatazama biskuti.

"Sita," alisema, akakaa.

Wa pili, sita. Wa tatu, sita. Ercilia aligeuka kuwatazama, na kila uso aliougeukia ulikwepa. Aliwajua wote. Aliwafundisha yeye, nyumba kwa nyumba, kutomwamini mtu yeyote atakayekuja na maneno mazuri kuhusu hesabu, na walikuwa wamefundishika vizuri kupita alivyotarajia.

"Nambari kumi na tano?"

Nolfa alisimama. Alikuwa amevaa koti lake jeupe, limepigwa pasi.

"Nolfa," Ercilia alinong'ona. "Sema arobaini. Unauza arobaini, mwenzangu, nakuona kila siku."

"Na mimi nakuona," Nolfa alisema, akitazama mbele. "Nilikuona Alhamisi unamnywesha chai mtoto wa kampuni. Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu."

"Eleodoro alikuwa kaka yako kweli." Kisha akainua sauti. "Sita."

Hata baada ya hapo waliobaki hawakubadili. Ishirini na wawili walisema sita, mmoja akasema sabini.

Kampuni ilipiga hesabu upya, kwa mtu mmoja. Kumlipa Ercilia fidia ya maboksi sabini kwa siku mpaka umri wa kuacha kazi kuligeuka kuwa pesa nyingi. Kumjengea kituo cha pembeni chenye urefu wa magari mawili kulikuwa nafuu. Wakajenga. Kina kibati cha kuzuia jua, mstari wa njano, na ubao wa taa unaowaambia madereva mita mia nne mbele kwamba kuna vitamu. Jiwe la kumi na nne lilihamishwa kwa tingatinga, likawekwa kando ya kibati. Mawe mengine ishirini na mawili yalifukiwa chini ya uzio.

Barua ya kukata posho ilikuja mwezi uliofuata, kama alivyojua itakuja. Aliipokea kwa mkono wa kushoto.

Kitambaa hakiruhusiwi tena. Hilo limo kwenye kanuni za kituo, kifungu cha nne, alichosomewa mara mbili. Asubuhi Ercilia husimama chini ya kibati na mikono yake haijui ikae wapi. Anaikunja, anaikunjua, anapangusa kikapu ambacho ni kisafi. Ubao wa taa unaita watu badala yake, na watu wanakuja, hilo hawezi kukataa. Siku nyingine hamsini, siku nyingine zaidi ya alivyouza zamani, maana njia nzima sasa yupo yeye tu. Malori yanapita saba saba bila kumwona. Kijiji kizima kinasema alinunuliwa. Dukani wanamhudumia mwisho. Wenzake wanakaa nyuma ya stendi, kila mmoja na meza yake, wanauziana wao kwa wao. Solange alihamishiwa mradi mwingine, kusini, bila kuaga, na Ercilia huwaza wakati mwingine kama bibi wa mkate wa tanuri alikuwepo kweli. Hajaamua.

Ulipita mwezi wa saba tangu mkutano ndipo Nolfa akatokea. Ilikuwa saa mbili asubuhi, ukungu umeshuka mpaka magotini, na Ercilia aliona koti kwanza, linakuja kando ya uzio, halafu kikapu, halafu sura iliyokonda. Nolfa alisimama nje ya mstari wa njano.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka," Ercilia alijibu.

Lori la kwanza la saba lilipita, na upepo wake ukapeperusha makoti yao. Walingoja mpaka la saba lipite.

"Bi Zunilda anaendeleaje?"

"Bado anauliza nani anachukua jiwe." Ercilia aliangalia nyuma ya Nolfa, ndani ya ukungu, kama kuna mwingine. "Nani amekutuma?"

"Njaa."

"Njaa haiji kwa miguu kilomita nne. Kanuni zinasema kituo hiki ni cha mtu mmoja. Wakiniona na wewe wataniambia nimevunja, wakifunge. Urzúa amekulipa ngapi?"

"Angenilipa ningekuwa hapa, shoga? Nitazame." Nolfa aliinua kikapu kidogo. "Kule nyuma ya stendi jana niliuza maboksi mawili. Moja nilimkopesha mlinzi."

Ercilia alimtazama viatu, mikono, kikapu. Aliyachunguza maboksi, yalivyofungwa kwa uzi kwa fundo lile la Nolfa la kuvuta mara mbili. Juu yao, kwenye nguzo, jicho dogo jeusi la kamera lilikuwa likiwatazama wote wawili, au likihesabu magari, kama alivyosema yule binti.

"Zamani uliuza mangapi kwa siku?" aliuliza.

Nolfa alifungua mdomo. "Sita," alisema.

Neno lilikuwa limeshatoka. Nolfa mwenyewe alionekana kulishangaa, kama mtu aliyejing'ata ulimi. Ercilia hakucheka, wala hakugombana. Alielekeza kidole kwenye nguzo.

"Sema tena. Sema kwa hilo, lisikie."

"Lina masikio?"

"Sijui lina nini. Sema."

Nolfa alimeza mate. Akauinua uso kuelekea kamera, ukungu ukimlowesha kope, akasema kama mtu anayeungama kanisani kwa padri asiyemjua, "Thelathini na nane. Mwezi wa pili sitini."

Ercilia alisubiri kidogo, akitega sikio, kana kwamba nguzo ingejibu. Ilipokosa kujibu, aliinama, akasogeza kikapu chake upande wa jiwe, nafasi ya kutosha kikapu kimoja tu, si zaidi.

"Gari likisimama kwangu," alisema, "chako unakifunika."

"Najua," alisema Nolfa, na akaruka mstari wa njano.